Mwarabu au Mwafrika? Namna ya kuitafiti Mombasa ya Wareno ukiwa Moshi

Wanafunzi wa historia hapa Moshi wanapoanza kuchagua mada za utafiti, hakosekani anayetaka kuandika kuhusu Mombasa, na hilo halishangazi, kwa kuwa ukitoka stendi kuu asubuhi ukapita Holili, Taveta na Voi, siku hiyohiyo unaweza kusimama mbele ya Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno. Swali analokuja nalo karibu kila mara ni lilelile: "Mwalimu, wale wenyeji waliokutwa na Wareno pale walikuwa Waarabu au Waafrika?" Ni swali la haki, lakini limebeba mambo matatu yasiyofanana: jinsi watu wa mji ule walivyojitambua wenyewe katika karne ya 16 na 17, jinsi Wareno walivyowapanga katika nyaraka zao, na jinsi serikali za kikoloni za karne ya 20 zilivyowagawa watu kwa rangi. Mtafiti asiyeyatenganisha mambo haya atajikuta akiihoji barua ya mwaka 1600 juu ya jambo ambalo mwandishi wake hakuwa akiliwaza, na barua itamjibu, maana nyaraka ukizibana hujibu chochote, ila jibu hilo litakuwa la mtafiti mwenyewe.

Ni afadhali kuanza na la mwisho, kwa sababu ndilo limetukaa kichwani bila sisi kujua. Aliyekulia Arusha anajua Uzunguni iko wapi, ingawa Wazungu waliokaa humo walishaondoka zamani. Wa Moshi anaufahamu mtaa wa Shanty Town na miti yake, na anajua maduka ya kale ya katikati ya mji yalijengwa na nani. Miji yetu ilipangwa kwa kanda, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na sheria za Tanganyika chini ya Waingereza zilimfafanua "mwenyeji" kuwa mtu yeyote wa asili ya Kiafrika, kisha zikaona haja ya kuongeza kwamba Mswahili na Msomali wamo. Haja hiyo ya kuongeza inaonyesha kwamba hata waliotunga sheria walikuwa na mashaka. Huko Mombasa, katika miaka ya 1920, wazee wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya wenyeji wa kale wa mji, walipigania kutambuliwa kisheria pamoja na Waarabu, kwa sababu kuandikwa upande huu au ule kulibadilisha kodi ya mtu na haki yake ya kupiga kura. Kwa hiyo "Mwarabu au Mwafrika" ni swali lililoulizwa na karani mwenye fomu yenye nafasi ya jibu moja, na waliojibu walijua vizuri kila jibu lina gharama gani. Kulirudisha swali hilo miaka 300 nyuma ni kumpa kazi karani yule katika ofisi ambayo haikuwa imejengwa.

Tuje sasa kwenye mji wenyewe. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa mwezi Aprili 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka na kuuchoma mji, mwaka 1528 Nuno da Cunha akaurudia, na baada ya jeshi la Mir Ali Bey, nahodha wa Dola ya Uturuki, kushindwa humo mwaka 1589, Wareno waliamua kukaa moja kwa moja. Mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na wakamleta mtawala wa Malindi, mji uliokuwa rafiki yao tangu safari ya kwanza, aje kuitawala Mombasa chini ya mwavuli wao. Tangu hapo mji ulikuwa na wakubwa wawili, kapiteni Mreno ngomeni na mfalme Mwislamu mjini, na hakuna hata mmoja wao aliyetoka Mombasa: hata huyo mfalme alikuwa mgeni, na kwa wengi alikuwa hasimu wa zamani. Mtafiti anayetarajia kuona Wazungu upande mmoja na watu wa pwani upande wa pili tayari ameshapotea njia.

Wareno waliwaitaje wenyeji? Neno lao la kwanza lilikuwa la dini. Mwislamu, awe wa Morocco, wa Gujarat au wa Mombasa, alikuwa "mouro", jina walilolibeba kutoka vita vyao vya nyumbani katika rasi ya Iberia. Mwafrika asiyekuwa Mwislamu wala Mkristo aliitwa "cafre", neno walilolichukua kutoka kwa Waislamu haohao. Rangi ya ngozi ilitajwa, kwani waandishi wao wanazungumzia weupe, weusi na wa katikati katika mji mmoja, na wote wanaitwa kwa jina lilelile la dini, lakini ilitajwa kama sifa ya pili inayofuata baada ya mtu kuwekwa kwenye fungu lake. Hiyo haina maana kwamba Wareno hawakuwa na fikra za uzao. Walikuwa nazo, tena kali: Ureno na Hispania zilikuwa na kanuni za usafi wa damu, ambazo zilimzuia mtu mwenye babu Myahudi au Mwislamu kushika vyeo vingi hata kama yeye mwenyewe alibatizwa akiwa mchanga. Dini ilihesabiwa kuwa kitu kinachorithiwa katika damu, na hapo ndipo mtafiti anapopaswa kuchimba, kwa sababu mpaka kati ya dini na rangi, ambao sisi tunauona wazi, wao hawakuuchora mahali tunapouchora.

Mfano mzuri wa kusomea hauhitaji nauli ya Lisbon. Uko juu ya lango la Fort Jesus, umechongwa kwenye jiwe. Maandishi hayo, yanayotaja mwaka 1635, yanamhusu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hiyo akiwa na umri wa miaka 27. Yanasema aliikarabati na kuongeza chumba cha walinzi. Akawatiisha watu wa pwani walioasi chini ya "mfalme dhalimu". Akawalazimisha watawala kadhaa, akiwemo wa Luziwa, kulipa kodi. Akaziadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta za miji yao. Akawaadhibu Wamusungulo wa bara. Akaenda Pemba na kuwaua viongozi waasi pamoja na wakuu wa mji kwa uamuzi wake mwenyewe. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, jiwe linaorodhesha malipo: cheo katika nyumba ya mfalme, uanachama wa Shirika la Kristo (shirika la kidini la mashujaa wa vita), posho ya kila mwaka, na ahadi ya kuitawala Jaffna, huko Sri Lanka, kwa miaka sita.

Mgeni anayepita langoni huusoma ujumbe huu kama kumbukumbu ya ushindi, lakini ukiusoma kwa utulivu utaona ni wasifu wa mwombaji kazi, wa aina ambayo vijana wetu huuandika kila siku, isipokuwa huu umechongwa na kutundikwa mahali ambapo mkaguzi yeyote kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, angelazimika kupita. Kila adhabu imeandikwa kwa sababu ina malipo yake. Hilo halimaanishi kwamba Pemba haikuadhibiwa; linamaanisha kwamba hatuwezi kuijua Pemba kwa jiwe hili, kwa kuwa Wapemba wamo humo kama hoja ya kupandishwa cheo tu. Tunachoweza kukijua kwa uhakika ni jinsi dola ilivyofanya kazi: ofisi ya Mombasa ilikuwa ngazi ya kufikia ofisi ya Jaffna, na damu iliyomwagika katika kisiwa kimoja ilibadilishwa kuwa posho inayolipwa na mfalme ambaye, tangu mwaka 1580 hadi 1640, alikuwa pia mfalme wa Hispania. Na lile Shirika la Kristo ni mojawapo ya vyombo vilivyodai uthibitisho wa usafi wa damu. Hakuna neno "rangi" popote katika jiwe, lakini suala la uzao limo, nalo linamhusu kapiteni mwenyewe kabla ya kuwahusu wenyeji.

Jambo lingine la kuangalia ni nani hakutajwa kwa jina. Huyo "mfalme dhalimu" alikuwa Yusuf bin Hasan, na kisa chake kinastahili kurasa nyingi kuliko nitakazompa hapa. Baba yake, Hasan bin Ahmad, mfalme wa Malindi na Mombasa, aligombana na makapiteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa na watu wa bara waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye alipelekwa Goa. Akalelewa na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akafunzwa na akatumikia katika meli za Wareno, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo katika mji wa Waislamu. Kwa hesabu za dola, huyu alikuwa mtu kamili: ana ukoo wa kifalme, ubatizo, elimu na utii. Lakini makapiteni hawakumtendea hivyo. Malalamiko ya kudharauliwa na kuingiliwa katika mambo yake yalizidi, na inasimuliwa kwamba Mreno mmoja alimwona akisali kwa namna ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, habari ikamfikia kapiteni Pedro Leitão de Gamboa, na mpango wa kumpeleka Goa kuhukumiwa ukaanza. Mwezi Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapiteni, akautwaa mji na kurudi kwenye Uislamu.

Sasa tazama ushahidi unavyokaa. Mengi tunayoyajua kuhusu siku zile yanatoka katika maelezo ya mashahidi yaliyokusanywa Goa baadaye, na waliokuwa na hamu ya kuyakusanya ni mapadre wa Agostino, ambao walitaka waliouawa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani, yaani wafiadini. Kwa hiyo maswali waliyoulizwa manusura yalihusu imani: nani alitakiwa kuikana, nani alikataa, alisema maneno gani kabla ya kufa. Manusura wakajibu walichoulizwa. Kutokana na hayo tunapata jambo moja la thamani kubwa ambalo waulizaji hawakulitafuta: kati ya waliouawa walikuwamo Waafrika Wakristo wengi pamoja na Wareno, na waliopewa nafasi ya kusilimu walikuwamo Wareno pia. Mstari wa siku ile ulichorwa kwenye dini, si kwenye ngozi. Mwanafunzi anayetaka kuyaita maasi ya 1631 kuwa vita vya Waafrika dhidi ya Wazungu hana budi kueleza maiti hizo, nami sijaona bado aliyeweza.

Hata hivyo si haki kukimbilia upande wa pili na kusema rangi haikuwa na maana. Kijana aliyebatizwa, akasomeshwa na kuvikwa taji na Wareno wenyewe aliendelea kutendewa kama mtu wa chini na kapiteni ambaye pengine hakuwa na ukoo wowote wa kujivunia nyumbani kwao. Ubatizo ulifungua mlango wa kanisa, haukufungua mlango wa heshima. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye historia ya rangi katika Mombasa ya zama zile: katika pengo kati ya kile ambacho sheria ilimwahidi mtu na kile alichotendewa. Pengo hilo halionekani kwa kuhesabu mara ngapi neno "mweusi" limeandikwa. Linaonekana kwa kufuata maisha ya mtu mmoja kutoka ofisi moja hadi nyingine na kuuliza, kila hatua, Mreno mwenye sifa zilezile angepewa nini. Yusuf aliiharibu ngome mwaka 1632 na kuondoka na meli aliyoiteka, akawasumbua Wareno baharini kwa miaka kadhaa, na mwisho wake ulikuwa Jeddah.

Miaka zaidi ya 60 baadaye mji huo unatupa kisa kingine kinachovuruga makundi yetu. Waomani waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Njaa na tauni viliwamaliza Wareno, na kufikia mwisho wa Agosti 1697, kapiteni alipokufa, ulinzi wa "ngome ya Wareno" ulikuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, kijana Mswahili na Mwislamu, pamoja na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Waliishikilia hadi msaada wa baharini ulipofika mwezi Septemba. Tunajua jina la Bwana Daud kwa sababu alikuwa wa ukoo wa kitawala ambao Goa iliuhitaji. Wale wanawake hawana majina. Walikuwa wajakazi, wake za askari, au watu wa mjini waliokimbilia ndani milango ilipofungwa? Hesabu iliwaandika kwa idadi na rangi tu, na hapo, kwa mara moja, rangi ndiyo iliyotosha kumweleza mtu, kwa kuwa hakukuwa na mwenye haja ya kujua zaidi. Anayetafuta mahali ambapo Mwafrika anaanza kuwa kundi badala ya kuwa mtu, aanzie kwenye orodha za namna hii za askari, za chakula na za mizigo, kuliko kwenye masimulizi ya wasafiri.

Upande wa wenyeji vyanzo si vichache kama inavyodhaniwa, ila navyo vina wenyewe. Historia ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili, kwa Kiarabu na kwa muhtasari uliochapishwa Lisbon na João de Barros mwaka 1552, na yote mawili yanaanzia kwa mwana wa mfalme kutoka Shiraz. Mombasa ina masimulizi ya Mwana Mkisi na Shehe Mvita, wanaotajwa kuwa waanzilishi wa mji, na ina hayo mataifa yake, Tisa na Matatu, kila moja na mtaa wake na wazee wake. Mtu wa Mombasa wa karne ya 17 alijitambulisha kwanza kwa taifa lake na kwa mji, kisha kwa Uislamu, na asili ya ng'ambo alipoitaja ilikuwa ni hoja ya haki ya kutawala au ya hadhi. Kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa zimo pia barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, miongoni mwazo zikiwamo zenye Kiswahili cha kale kabisa kilichosalia katika maandishi, na ndani yake watu wa pwani wanawaandikia Wareno na washirika wao kama majirani wenye shida na maslahi, bila kumweleza mtu yeyote wao ni wa rangi gani.

Siku hizi wengi hudhani kwamba vipimo vya vinasaba vimemaliza ubishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulichunguza mabaki ya watu 80 kutoka Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi huko bara upande wa Taita, na ukaonyesha kwamba katika miji ya pwani mchanganyiko wa asili za Kiafrika na za Asia, hasa Uajemi, ulianza takriban mwaka 1000, huku sehemu kubwa ya asili ya Kiafrika ikitoka upande wa akina mama. Ni matokeo mazito, na yanayapa masimulizi ya Shiraz uzito ambao wanahistoria wengi walikuwa wameyanyima. Lakini makaburi mengi ya namna hiyo ni ya watu waliozikwa karibu na misikiti, yaani wenye nafasi mjini. Hayawasemei wavuvi, watumwa wala walima shamba. Tena damu inamwambia mtafiti mtu alizaliwa na nani, haimwambii alijiita nani wala kapiteni alimwitaje.

Kuna pia kimya kinachotuhusu sisi wa huku. Wareno walikaa Mombasa kwa karne moja wakinunua amani na chakula kwa Wamusungulo kwa kuwapa nguo, na bado bara lilibaki kwao ukuta wa majina machache. Mwaka 1519 mwanajiografia Mhispania Martín Fernández de Enciso aliandika kwamba magharibi ya Mombasa upo mlima mrefu mno, akauita Olimpo ya Ethiopia. Huenda ndio huu wetu, Kilimanjaro. Habari hiyo lazima ilipita kwa watu wa misafara waliojua njia, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa.

Kwa mwanafunzi wa Moshi mwenye fedha ya nauli ya Mombasa tu, kazi inawezekana. Nyaraka nyingi za Kireno zimehifadhiwa Torre do Tombo huko Lisbon na nyingine Goa, na sehemu yake imechapishwa au kuwekwa kwenye mtandao. Tatizo ni tafsiri. Waliozifasiri kwa Kiingereza katika karne ya 19 na 20 wakati mwingine waliweka "Mwarabu" pale palipoandikwa "mouro", na kwa hiyo Mwarabu anayemshangaza msomaji katika Mombasa ya 1505 huenda ameletwa na mfasiri. Kabla ya kunukuu tafsiri yoyote, mtafute mtu anayesoma Kireno akuangalizie mstari huo mmoja katika maandishi ya asili. Mapadre waliosoma Ulaya au Brazil wapo mkoani, na wengi hupenda kuombwa. Chagua mwaka mmoja, na 1631 unatosha, kisha uusome kupitia jiwe la langoni, maelezo ya mashahidi wa Goa na masimulizi ya Mombasa, ukiandika pembeni kwa kila chanzo nani alikitaka na alilipwa nini. Lile swali la Mwarabu au Mwafrika liweke katika sura yake mwenyewe, ile ya miaka ya 1920, ambayo mafaili yake ya kutafuta yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya Nairobi.